Kisiwa cha Mjomba Hamisi kwenye shuka la Halima

Kitambaa cha marekani kikiwa kipya kina harufu yake, ya pamba na uwanga, na ukikinyunyizia maji harufu hiyo inapanda mpaka kooni. Juzi mjukuu wangu alikuwa analoweka kipande cha namna hiyo hapa kwetu Muyinga, mimi nimekaa mlangoni. Mara nikajikuta niko Gitega, mtaa wa Magarama, barazani kwa Shangazi Zaituni, na wote wako pale.

Niwataje, ili tuwe pamoja. Alikuwepo Shangazi Zaituni mwenyewe, dada yake baba, mtarizi wa mashuka. Alikuwepo mumewe Hamisi, ambaye sisi watoto tulimwita Mjomba. Ujana wake wote aliumaliza kwenye meli za Ziwa Tanganyika, akipima kina cha maji kwa kamba yenye risasi mwishoni, hadi alipovunjika mguu akapanda huku kwenye vilima kuuza chumvi na mafuta ya taa. Alikuwepo binti yao Salama, rika langu. Alikuwepo Mama Yohana wa Gishubi, ambaye alikuwa anatuletea maziwa, na akishaketi haondoki upesi. Alikuwepo dada yangu Halima, bibi harusi. Na mimi Mariamu, mdogo wa wote, kazi yangu kutia uzi kwenye sindano.

Kwetu shuka la bibi harusi halikununuliwa limekwisha kutariziwa. Wanawake wa ukoo walilishona wenyewe, kila mmoja upande wake, na bibi harusi akikaa katikati anafundwa huku sindano zinakwenda. Ndiyo sababu baba alitutoa Muyinga, mimi na Halima, akatupeleka kwa dada yake.

Mchumba wa Halima, Abdallah, alikuwa Kigoma, na kufika huko ni kwa meli. Halima alimpenda, hilo tusidanganyane. Shida ilikuwa maji. Maji makubwa aliyoyajua yeye ni mto Ruvubu, na tangu aliposikia kwamba katikati ya ziwa mtu haoni chini, alikata kauli.

"Mi siendi," akasema. "Abdallah anifuate huku. Ama tupite mpaka wa Kobero, kwa barabara."

"Kobero ni kuzunguka dunia, na wazee wa kwao wanakungoja bandarini," Shangazi akamjibu. "We Halima, unataka kumtia baba yako aibu?"

"Aibu haizamishi mtu, Shangazi."

Baba alikuwa ameshatuma neno: akikataa, mahari irudi na uchumba ufe. Halima alilia siku nzima, hataki kumkosa Abdallah na hataki kupanda meli, na shuka hakuligusa.

Mjomba Hamisi alikuwa anasikiliza yote hayo akinywa chai yake. Aliomba chaki ya mshonaji, akatandaza shuka juu ya mkeka, akapiga magoti kwa taabu kwa ule mguu wake, akaanza kuchora.

Nimewaona mafundi wengi katika maisha yangu, lakini mkono kama ule sijauona tena. Kwanza alichora kisiwa, umbo lake kama punje ya haragwe. Akakipa ghuba. Akaweka mwamba wa kuogopwa, mlango wa kuingilia, mahali pa kutia nanga, na pembeni dira yenye mshale wa kaskazini. Halafu akageukia maji. Hapo alifumba macho, akawa anavuta kwa mikono kamba ambayo haipo, pima kwa pima, midomo inahesabu, kisha anafumbua macho na kuandika namba. Anasogea kidogo, anavuta tena. Sisi watoto tulichungulia chini ya mkeka kuona kama kuna maji.

"Hii kisiwa iko wapi?" Mama Yohana akauliza.

"Haiko popote. Naitengeneza sasa hivi."

"Yoo. Ziwa zima la Mungu liko pale limetulia, we unatengeneza lingine?"

"Si umchoree njia ya Kigoma yenyewe," Shangazi akasema, "aende akiijua?"

"Ile siichori," Mjomba akajibu, na macho hakuyainua.

Kwa kuwa wengi wetu namba zilitushinda, alitupa kanuni: kila pima moja, kifundo kimoja cha uzi. Maji yakizidi kwenda chini, vifundo vizidi. Pima Shangazi aliijua vizuri, ndiyo hiyo mikono miwili iliyonyooshwa aliyopimia vitambaa vyake. Basi Mjomba akaenda dukani, nasi tukaanza.

Sasa muelewe, sisi ni watu wa vilima. Vifundo vikikusanyika pamoja uzi unainuka, unausikia chini ya kidole, na kwa mtu wa Gitega kitu kilichoinuka ni kilima, hakina jina lingine. Hakuna aliyeuliza. Salama alipofika penye vifundo vingi kuliko pote akashona nyumba juu yake, na migomba miwili. Shangazi mwenyewe akaongeza kijia cha kupandia. Mama Yohana, ambaye sindano haijui, alisema nyumba bila ng'ombe ni ya masikini, akasumbua mpaka akashonewa ng'ombe.

Mjomba aliporudi kutoka kuswali alasiri akasimama kando ya shuka. Kisha akashika nguzo ya baraza, akacheka hadi kofia ikaanguka.

"Zaituni, hapo mlipojenga, meli inaweza kusimama wima na isionekane. Na huyo ng'ombe anakula nini?"

"Samaki," Mama Yohana akasema, wala hakucheka.

Salama alishika mkasi afumue. Ndipo Halima akanyoosha mkono.

"Ngojeni. Hapa kwenye nyumba ndipo chini kabisa?"

"Ndipo," Mjomba akasema. Kicheko kilikwisha.

"Na hapa, ambapo hakuna kifundo?"

"Mchanga. Maji ya kiunoni."

Kidole cha Halima kikaanza kutembea. Alikuwa binti wa kuteka maji bondeni, mteremko aliujua kwa nyayo. "Hapa ni pa kuporomoka," akasema. "Hapa ni polepole, mtu anashuka na mtungi kichwani."

"Ndivyo."

"Kumbe kule chini kuna vilima."

"Kuna vilima, kuna mabonde, kuna njia. Maji yamefunika tu, mwanangu."

Kuanzia hapo shuka likawa ziwa. Punje ya haragwe kutoka jikoni ilikuwa meli, Mjomba alikuwa upepo, akipuliza kwa mdomo kutoka kila upande, na Halima aliliingiza haragwe ghubani. Mara ya kwanza aligonga mwamba, Mama Yohana akamlilia kilio cha msiba. Baadaye akawa anaingia akiongea habari nyingine. Nyumba ya Salama haikufumuliwa.

Halima alikwenda. Mfanyabiashara aliyesafiri meli moja naye alituletea habari kwamba bibi harusi aliwachosha mabaharia njia nzima, hapa chini pima ngapi, na hapa je, mpaka wakauliza binti huyu ni wa nahodha gani.

Mimi kwa miaka mingi nilidhani Mjomba alichora kisiwa cha uongo kwa sababu ile njia ya Kigoma ameisahau. Alipofariki nilikuwa tayari mama wa watoto, nikaenda Magarama kukaa na Shangazi katika eda yake. Ndiye aliyenieleza. Ajali ya meli iliyomvunja mguu ilitokea karibu na bandari ile ile ya Kigoma, na mdogo wake, Saidi, hakutoka majini. Hakutoka Bakari wala Yusufu mpishi. "Angemchorea Halima njia ya kweli," Shangazi akaniambia, "chaki ingepita juu ya Saidi."

Nikaelewa siku ile. Alitafuta, katika yote anayoyajua, maji ambayo hayajamchukua mtu, hakuyapata, akayatengeneza, kwa magoti yale, ili mtoto wa shemeji yake ajifunzie humo.

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Pengine aliyeshona nyumba alikuwa Shangazi na kijia ni cha Salama, na huyo mpishi pengine aliitwa Yunusi. Wewe uliyekuwepo, au uliyesikia kwa mama yako, njoo unisahihishe nikiwa bado nasikia.