Nilikwenda Tura kutafuta mwisho wa hadithi ya mzee, nikabebeshwa gunia

Wakuu, mchana mwema.

Niweke bei mezani kwanza. Jambo hili limenigharimu shilingi elfu sitini na tatu na mia nne. Nilipohesabu mara ya pili ikawa sitini na tatu na mia tisa, maana nilisahau mia tano ya choo pale stesheni. Ongeza kucha moja ya mguu wa kulia, na shingo ambayo mpaka leo inageukia upande mmoja tu.

Yote nitakayoandika yametokea. Mimi ni muuza asali hapa Tabora mjini, na muuza asali akigundulika mara moja tu kachanganya na sukari, basi biashara imekwisha. Kwa hiyo huwa sichanganyi.

Nina miaka arobaini na saba. Tangu kiangazi kilipoanza nikapata ugonjwa usio na jina. Nakaa dakika tano, nasimama. Nafungua duka, nahesabu madumu: thelathini na mbili. Nahesabu tena: thelathini na mbili. Zamani hesabu ikikubali nilikuwa nafurahi. Sasa najiuliza, haya, ni thelathini na mbili, halafu?

Niliuliza watu. Mmoja akasema ni presha. Wa pili akasema nitafute mchepuko. Wa tatu akasema niokoke. Nikaona bei zote tatu ni kubwa.

Nikanunua begi jeusi. Nikalificha stoo nyuma ya madumu. Plani yangu ilikuwa kuondoka, popote pale nisipojulikana, Tunduma au hata Lubumbashi, bila kumuaga mke wangu, mama Kulwa. Sikuwa na ugomvi naye. Nilitaka tu kutua.

Hilo neno "kutua" nililitoa kwa baba.

Baba alikuwa mkulima wa tumbaku kule Goweko. Jioni tukipanga majani kwenye bani la kukaushia, alitusimulia habari za babu wa babu yake, mpagazi wa misafara. Babu huyo alibeba mzigo wa vitambaa vya merikani kutoka pwani, akavuka nyika ya Mgunda Mkali ambako wenzake walikufa kwa kiu, akafika Tura. Hapo akasikia harufu ya kwao. Akatua mzigo njiani, akaingia porini, akaenda zake.

Baba akifika hapo alikuwa anakohoa. Halafu anasema, "Haya, leteni majani."

Miaka yote nimeishi nikijua ukoo wetu umeanzia kwa mtu aliyetua mzigo akaondoka. Nikajiambia, kama yeye alitua, mimi nani hata nisitue? Lakini mimi sinunui kitu bila kugeuza upande wa pili. Nikataka kwanza nihakikishe huyo babu hakupata hasara. Baba ameshafariki. Aliyebaki anayeijua hadithi ni dada yake, shangazi Nyamizi, ambaye anaishi Tura.

Nikapanda treni na dumu moja la asali kama zawadi. Nilishuka saa tatu asubuhi, nikamkuta anapepeta karanga.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umekuja kuzika au kukopa?"

"Nimekuja kusikia hadithi."

Akanitazama kama mtu anayekagua noti. Nikamweleza ni hadithi ipi. Akasema, "Ile ya mzigo? Hiyo kwetu haisikilizwi na mtu aliyekaa. Anayeitaka anabeba. Hakukuambia, baba yako?"

Hakuniambia.

Akanionyesha gunia la karanga. Likaenda kichwani kwangu. Alikuwa na mteja wake karibu na stesheni, mwendo wa saa moja na nusu, kule kule nilikotoka. Nikamwambia, shangazi, hizi ni kilo ishirini na nane, mikono yangu ni mizani. Akasema ni ishirini. Nikasema tukodi pikipiki, nalipa mimi. Akasema, "Basi kaisikilize kwa hiyo pikipiki."

Wakuu, nimefanya biashara na Wahaya, Waha na Waarabu wa hapa mjini. Sijawahi kushindwa bei haraka namna ile.

Utaratibu ulikuwa hivi: nikitembea, anasimulia. Nikitua, ananyamaza. Hata katikati ya neno. Nilijaribu mara mbili. Mara ya kwanza alinyamaza kwenye "aka". Nikapandisha gunia kichwani, akaendelea "...anguka."

Akanisimulia mambo ambayo baba hakuyataja. Babu alikuwa na mtani wake, Mzaramo kutoka pwani, mbeba shanga. Njia nzima walikuwa wanataniana. Mzaramo alikuwa anamwambia, "Wewe Mnyamwezi, punda amekuzidi akili. Yeye akichoka analala." Kule Mgunda Mkali ndipo walipogawana maji ya mwisho, kibuyu kimoja, yule mpwani akilalamika kwamba Mnyamwezi anakunywa kama kaburi.

Basi wakafika Tura, babu akatua, akaondoka.

Na mimi hapo hapo nikatua. Shingo ilikuwa imekataa. Shangazi akanyamaza, akakaa juu ya jiwe, akatoa ugoro wake.

"Sasa hapa," akasema, "ndipo baba yako alikuwa anakohoa."

Nikakaa kama robo saa hivi. Stesheni ilikuwa inaonekana. Ningeweza kuliacha gunia pale nikasubiri treni. Kucha ya kidole gumba ilikuwa imeshang'oka kwa jiwe. Nikanyanyua.

Shangazi akaendelea. Babu hakufika mbali. Hamu ya kwao ilimvuta, lakini roho ilibaki kwenye mzigo, na aliporudi kuchungulia alimkuta Mzaramo amefunga mizigo yote miwili pamoja, merikani juu na shanga chini, amejitwika. Maana mzigo ukipotea, mwenye msafara angewadai wenzake wote. Babu akaona aibu kutokea. Siku tano alimfuata yule mtani, akijificha kwenye miti, akimsikia anamtukana kwa jina njia nzima, akimwona anauguza shingo kila kituo na kujitwika tena.

Siku ya tano, Tabora iko mbele, akajitokeza. Mzaramo hakumpiga. Alisema, "Umechelewa, ugali nimeumaliza."

Babu akanyoosha mikono. Hakuchukua merikani yake. Alichukua shanga za mwenzake.

"Kwa nini asichukue mzigo wake?" nikauliza.

"Wake ulikuwa umeshazoea kichwa cha mtani. Ukiuhamisha hapo unauma mara mbili."

"Shangazi, hiyo haina hesabu. Kilo ni kilo."

"Wewe muuza asali, umewahi kubeba siku tano?"

Nikalisogeza gunia kichwani. Nilikuwa nimebeba saa moja na robo.

Tulipofika kwa mteja nikauliza kwa nini baba alikuwa anakata hapo. Shangazi akasema, "Wewe hukuwa umezaliwa. Alitua na yeye. Alikwenda kukata mkonge Tanga, misimu mitatu bila barua. Mama yako akalima tumbaku peke yake. Aliporudi alimkuta ameshaizoea, amemzidi hata kuchambua majani. Kwa hiyo yeye akachukua maji."

Hapo nikakaa chini kabisa, na hakuna aliyenikataza.

Baba yangu alichota maji kwa baiskeli mpaka uzeeni. Madumu manne asubuhi, madumu manne jioni. Wanaume wa Goweko walimcheka, walimwita bwana kisima. Na mimi mwanawe, mtu ninayehesabu kila kitu mara mbili, nilikuwa nadhani anapenda baiskeli.

Mteja akapima gunia. Kilo ishirini na nane na nusu. Shangazi akatazama pembeni.

Nilirudi Tabora kesho yake mchana. Nikamkuta mama Kulwa dukani anachuja asali. Ndipo nikaliona duka. Madaftari yalikuwa mwandiko wake. Warina asali wa Sikonge walikuwa wanampigia simu yeye. Miezi mingapi? Nikahesabu, minne. Nikahesabu tena, mitano. Mimi nilikuwa nasimama na kukaa tu.

Nikaenda stoo kutoa begi kabla halijaonekana. Lilikuwa zito. Nikafungua. Ndani nikakuta taulo, sabuni mbili na fulana zangu zimekunjwa.

"Mama Kulwa, nani kaweka hivi?"

Hakugeuka. "Nilijisemea uende tu, lakini usije ukanuka kwenye nchi za watu."

Wakuu, kuna matusi nimewahi kutukanwa sokoni yaliyouma nusu ya hapo.

Nikamwambia duka nimeona amelizoea, na sitaki kuuhamisha mzigo uliokwisha kuzoea shingo yake. Nikasema, nipe mzigo mwingine wa kwako. Alidhani nimepata homa. Nikasema nichote maji. Akasema, "Maji yanatoka bombani, baba Kulwa." Akafikiri kidogo, akasema, "Mpeleke mama kliniki Jumanne."

Mama yake ni Msukuma wa Igunga, anakaa kwetu kwa ajili ya matibabu ya presha na miguu. Na mnaojua mila zetu mnajua: mkwe na mkwe hawakai pamoja, hawatazamani, hawali pamoja. Mwaka mzima tumeishi nyumba moja kwa kupishana kama treni za reli moja.

Nilijaribu kupunguza. Nikaomba nilipe mtu wa kumpeleka. Akasema, "Hilo hata ukiwa kwenye hizo nchi za watu ungeweza."

Basi Jumanne tano sasa nampeleka. Kwenye bajaji mimi nakaa mbele na dereva, yeye nyuma. Hospitalini tunakaa mabenchi mawili, mgongo kwa mgongo. Namba yake ikiitwa nakohoa, naye anajua. Mkoba wake wa vyeti naubeba mimi, natembea mbele bila kugeuka, jambo ambalo kwa shingo hii si gumu.

Sijapona. Bado nasimama kila dakika tano. Ila sasa nikisimama kuna siku moja ya wiki ambayo nina pa kwenda, na begi lile jeusi linabeba nguo za mkwe za kliniki.

Sasa ushauri ninaouhitaji ndio huu.

Jumanne iliyopita, tukiwa mgongo kwa mgongo, bibi huyo aliuambia ukuta, "Nasikia kuna mtu alikwenda Tura. Yule babu alifika?"

Nikauambia ukuta wa kwangu kwamba hadithi hiyo haisikilizwi na mtu aliyekaa, tena asiye na mzigo.

Namba yake ikaitwa, nikakohoa. Kisha akauambia ukuta, "Mwambieni huyo mtu, wiki ijayo mkoba nitabeba mwenyewe. Na kwenye bajaji nishushwe getini."

Kutoka getini mpaka mlango wa daktari ni hatua zake themanini na sita. Nimehesabu tena, tisini na moja. Hadithi ina vituo vinne. Nikimgawia kimoja kila Jumanne inatosha.

Wazee wa mila mliomo humu: mkwe anaruhusiwa kumsimulia mkwe wake? Na kama inaruhusiwa, nitembee mbele yake au nyuma? Nikiwa mbele hatanisikia vizuri. Nikiwa nyuma nitamwona anavyoubeba.

Jumanne ni keshokutwa. Naombeni majibu mapema.