Kishikwambi cha Mama Helmi

Arvid Niemela wa Duluth, Marekani, alikuwa na ugonjwa wa matoleo mapya. Kila alipotaka kumnunulia mama yake kishikwambi, alisikia kingine kinatoka mwezi ujao, akaghairi.

"Ukingoja toleo la mwisho utamnunulia maiti," mkewe Carol alimsuta.

Aibu ikamshika, akanunua. Mama Helmi, mjane, akakipenda kweli. Asubuhi nzima alikuwa akichora juu yake kwa kidole, kahawa ikipoa pembeni. Wiki haijaisha, toleo jipya hilo hapo! Roho ikamchoma Arvid. Bahati yake, maduka ya kwao hupokea hata kitu ulichokwisha kutumia na kukubadilishia, mradi risiti unayo. Mama alipokwenda kanisani, akakichukua kimyakimya hadi dukani.

"Kuna cha kuhifadhi kabla sijafuta?" muuzaji aliuliza.

"Cha bibi kizee hicho, ndugu yangu! Ahifadhi nini? Futa."

Mama aliporudi, akamkabidhi kipya kwa mbwembwe. Mama akakigeuzageuza.

"Kizuri, mwanangu. Tena chepesi. Haya, nifungulie ile picha ya baba yako ninayoichora. Leo kanisani nimekumbuka nyusi zake zilivyokaa, nataka niimalize kabla sijasahau tena."

Arvid akakigusa kioo huku na huku kama mtu anayetafuta.

"Kinachelewa kufunguka, Mama."

"Hakuna haraka," alisema Mama Helmi, akavuta kiti, akakaa karibu naye kusubiri.