Koti la Nta

Vidole vya mama wa maabara ni vyekundu hadi kwenye kucha, na sabuni imeshasalimu amri. Kila asubuhi anapaka makohozi ya watu kwenye vioo, anayamwagia rangi nyekundu, anapitisha moto chini yake, kisha anaosha kwa asidi huku akivigombeza vijidudu kama anayefukuza mbuzi shambani. "Wenzako wote wameshavua, wewe nani?" Maana vijidudu vingine, asidi ikipita, huachia rangi. Cha kifua kikuu kimejifunika mafuta mazito kama nta, hakiachii ng'o. Koti hilo ndilo linalomkera. Askari wa mwili wanakimeza kizima, nacho kinakaa matumboni mwao kikistarehe na kuzaana, kama mgeni asiyejua kuaga.

Leo kikopo cha makohozi ni cha mdogo wake, aliyeacha vidonge mara tu kikohozi kilipokoma.

"Dada, si nilishapona? Hata nilinenepa."

"Ulinenepa wewe, na mafuta ya mwenzako humo ndani hujayagusa! Koti lile halivuliwi kwa vidonge vya kuonja, bwana wee. Kaa hapo nje, ufunge mdomo!"

Anainamia hadubini. Vijiti vyekundu vimetapakaa kila mahali. Halafu yeye, anayewafokea wanafunzi wasioamini kioo, anakitoa, anakifuta, anakiosha tena kwa asidi, anachungulia. Vyekundu vilevile. Anamimina asidi tena.

"Vua," anakiambia kioo. "Vua, mshenzi wewe! Huyu ni mdogo wangu."