Bangili ya steringi raki

Funguo za gari la baba NINAZO MIMI! 🔑
Ila aibu niliyoipata kabla, we acha tu.

Ule mpira wenye mikunjo, unaozuia vumbi lisiingie kwenye steringi raki, ule mtambo unaogeuza matairi ya mbele, ulichanika. Fundi mmoja akauzungushia kipande cha tyubu ya baiskeli, akasema gari litatufikisha hivyo hivyo.
Mimi nikasema hapana, nabadilisha mwenyewe.

Baba, fundi mstaafu, akaleta kigoda chake uani.
"Ukimaliza bila kuniita, gari utaendesha wewe."

Haya! Nikapiga jeki, nikatoa tairi, nikafungua tairodi, ile fimbo inayounganisha raki na tairi. Mpira mpya ukaingia vizuri kabisa. Nikafunga kila kitu, nikarudisha tairi, nikapiga vigelegele mikono juu!

Baba akanywa kahawa yake taratibu.
"Mwanangu, bangili nzuri hiyo. Umenunua wapi?"

Bangili? Nikaangalia mkono.

PETE YA KUBANIA MPIRA! 😭
Niliivaa mwenyewe isije ikapotelea kwenye mchanga wetu huu wa Tabora. Na haipiti mpaka ufungue vyote upya.

Nikafungua vyote upya. Mzee mabega yanatikisika kwa kicheko.

Mara ya pili ikakaa! Tumeenda Kwihara na kurudi, steringi imenyooka.

Semeni ukweli, nani mwingine ameshawahi kuvaa spea? 😂

Chekeni mnavyotaka. Leo, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, baba yangu amekaa siti ya abiria.
Na njiani akasinzia.