Filamu Isiyo na Stelingi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutafuta stelingi. Kila Jumapili alasiri, wachuma chai wakiwa mapumzikoni, nilishika maikrofoni katika ukumbi mdogo wa video pale Sotik na kuwasimulia watu filamu kwa Kiswahili. Kwetu sisi filamu ina sheria: stelingi ndiye mwenye haki, na wengine wote wapo ili awapige.

Kijerumani nilijifunza peke yangu kwenye simu, nikitumaini kwenda Ujerumani kutunza wazee. Niliogopa kukosea hata nikiwa peke yangu chumbani. Siku moja nikaleta filamu ya Kijerumani kuhusu vijana wa mrengo wa kushoto wa miaka ya sabini, waliotega mabomu wakisema wanapigania wanyonge. Kiongozi wao alikuwa na koti la ngozi na gari la kasi. Nikamfanya stelingi. Mahali nisipoelewa, nilijaza maneno yangu.

Alipompiga risasi dereva wa tajiri mmoja, ukumbi mzima ulishangilia.

Mwenye ukumbi hakushangilia. Ni mama aliyehamia hapa kutoka Nyeri akiwa msichana. Watu walipotoka, aliniita.

"Huyo dereva alisema nini kabla apigwe?"

"Si kitu muhimu, Mama."

"Nimekuuliza alisema nini."

Sikujua. Nilikuwa nimemruka.

"Basi usishike hiyo maikrofoni tena mpaka ujue."

Ndugu yake alikuwa dereva wa lori. Wakati wa vurugu za uchaguzi alisimamishwa na vijana barabarani, wakamuua. Habari hiyo nilikuwa naijua, mtaa mzima unaijua, na bado niliwafanya watu washangilie. Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba hatanisamehe.

Nilirudia kile kipande mpaka nikasikia. Dereva alisema, "Ngoja, mimi naendesha tu."

Baada ya hapo nikatafuta filamu nyingine za Wajerumani kuhusu vijana hao. Zile zilizotengenezwa matukio yakiwa bado moto zimejaa hofu: polisi mlangoni, magazeti, majirani wanaochungulia. Nyingine zilizokuja baadaye zinapenda bunduki na mwendo wa gari, na hizo ndizo zilizonidanganya, kwa sababu mtu akipigwa risasi kamera inamwacha mara moja. Lakini zipo zinazobaki na waliobaki: mjane, dada wa mfungwa, mtoto anayemuuliza mzazi wake alifanya nini. Hizo hazimsafishi mtu, na hazimfanyi mtu shetani pia. Nilizitazama nikifikiria mitaa yetu, ambako waliochomewa nyumba na waliochoma bado wanapeleka maziwa kwa gari moja.

Nikachagua moja kuhusu mjane, nikaenda kwa yule mama. Kwanza nilimwambia maneno ya dereva. Aliendelea kufuta viti.

"Hata dereva wetu hakuwa na siasa," akasema. "Haya, weka hiyo sinema yako. Nitakaa hapo mbele nikusikie."

Jumapili hiyo niliwaambia watu mapema kwamba filamu haina stelingi.

"Sasa tulipe tuone nani akipigana?" mmoja akauliza.

"Profesa, rudisha pesa," mwingine akasema, wakacheka.

Lakini walikaa. Mjane alipokutana na dada wa muuaji wakashindwa kusalimiana, hakuna aliyecheka. Mbele kidogo kulikuwa na neno moja ambalo sikulijua. Nikasema kwenye maikrofoni, "Hapo sijaelewa."

"Hata sisi," sauti ikajibu kutoka nyuma, na filamu ikaendelea.

Mama alinisubiri mlangoni. "Hiyo tumeisikia," akasema. "Jumapili fika mapema, kuna waya ya spika inasumbua."

Nilishuka barabara nikiwa mwepesi kama mtu aliyetua gunia la majani ya chai.

Siku hizi namtafsiria kila anayefungua mdomo, hata mwenye sentensi moja, na nisipoelewa nasema sijaelewa.