Mrehani wa Lata

Nina kijicho, na sioni haja ya kukikana. Nimekaa Edmonton, huku kwa Waingereza, miaka ishirini na miwili, nimewaosha na kuwalisha wazee wa watu mpaka goti likanisaliti, nimemlea mwanangu Asad peke yangu. Katika yote hayo, kitu nilichojivunia zaidi ni kwamba Lata akisafiri, mrehani wake aliniachia mimi.

Lata ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Ni Mhindi wa Kisumu, mjane, fundi cherehani aliyestaafu, na Kiswahili chake kinampita Asad mbali. Kiangazi chote uani kwake hujaa vyungu vya pilipili na mchaichai, na katikati yao hukaa mrehani mmoja anaouita tulsi, umevishwa kitambaa chekundu. Kwake huo si mmea tu. Kila asubuhi huuwashia taa, akauzunguka, akanong'ona maombi yake. Lakini baridi ya hapa hauiwezi. Oktoba ikiingia sharti uhamishiwe ndani, na Oktoba ndiyo Lata huenda Nairobi kwa binti yake Nishma, asirudi mpaka Machi. Kwa hiyo sharti apatikane mtu wa kuupokea.

Misimu mitatu mfululizo mtu huyo nilikuwa mimi. Masharti alinipa: usiutie maji Jumapili, usiuchume jua likishatua, usiuweke sakafuni. Kuhusu samaki hakusema neno, maana hakuwahi kufikiri kwamba yuko mtu wa kuambiwa.

Kwetu Mombasa maji ya kuoshea samaki hayamwagwi ovyo. Mama yangu aliimwagilia nayo miti yake yote ya uani, na ndimu zake zilisifiwa mtaa mzima. Nami kila Ijumaa nikinunua samaki changu sokoni, nikishamwosha, maji yale mekundu nayapeleka kwa mrehani wa Lata na kufungua dirisha harufu ipungue. Ulinawiri mpaka ukagusa pazia. Lata akirudi alinishika mashavu akasema nina mkono wa baraka. Aliponiuliza siri yangu nilimjibu kwamba ni mkono tu. Siri ya kazi haigawiwi kama sadaka.

Basi mwaka jana akahamia Maureen, nyumba ya ng'ambo ya barabara. Nesi, Mkenya wa Kisii, mcheshi, ana gari na magoti mawili mazima. Oktoba nilikuwa dirishani na gongo langu nikamwona Lata anavuka barabara, Maureen nyuma yake amekumbatia chungu, kile kitambaa chekundu kinapepea. Mimi sikuwa nimeambiwa lolote. Lata alipokuja kuniaga alisema habari za tiketi na za baridi, nami nikamtakia safari njema huku roho inaniuma. Kumwuliza sikuweza. Nilijiambia kwamba kipya kinyemi, kingawa kidonda.

Msimu ule wote kazi yangu ilikuwa kutazama dirisha la Maureen. Nilichukua hata darubini ya Asad, naye akaniuliza kwa Kiingereza kama nimekuwa polisi. Majani yalipoanza kupukutika nilifurahi, Mungu anisamehe. Mwezi wa Januari Maureen alikuja kwangu amefadhaika, akasema ameusogeza karibu na radiator ya kupashia chumba joto na bado unakauka, nifanye nini Mama Asad? Nilimpa chai na kaimati, nikamwambia kwamba mimea nayo huchagua mtu. Akaenda zake kichwa chini. Usiku ule nilikula vizuri.

Machi Lata akarudi, akatualika chai sisi wawili. Maureen akaja na chungu, mrehani una majani saba, na macho yake yanakaribia kulia. Lata aliyagusa majani yale moja moja. Alisema si kosa la mtu, baridi ilikuwa mbaya. Kisha akanigeukia.

"Oktoba utarudi kwako, Mama Asad. Nilimpa Maureen kwa sababu ya goti lako tu. Chungu ni kizito, ningekuumiza."

Ningenyamaza hapo. Nilikwisha kupata kila nilichokitaka, tena mbele ya mwenzangu. Lakini wivu wa miezi mitano haushibi kwa tonge moja, na Maureen, bila ubaya wowote, aliniuliza kwa heshima kwamba kumbe mimi niliupa nini hata ukastawi vile. Nilinyoosha mgongo. Nikamwambia polepole, Lata naye asikie, kwamba hospitalini hawafundishi mambo hayo.

"Maji ya samaki," nikasema. "Kila Ijumaa, miaka mitatu."

Maureen alianza kucheka, akaacha. Lata aliweka kikombe chini. Mwanamke huyu hajapata kuonja hata yai. Alitazama chungu, akatazama mikono yake iliyotoka kuyagusa yale majani, na aliponena sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Mimi hula jani lake moja kila asubuhi, baada ya kuomba."

Nilijaribu kusema sikujua, na ni kweli sikujua. Aliitikia kwa kichwa, akanikaribisha andazi jingine. Mdomo wangu ndio ulioniponza.

Ule mrehani aliupeleka Mto Lea, unaopita karibu nasi, akauachilia majini, kama desturi yao ilivyo. Nilitaka kusema kwamba mtoni nako kuna samaki, nikajizuia. Alipanda mwingine kwa mbegu, na kiangazi kizima akawa ananisalimu vilevile, ananipa mchaichai wa chai, ananiuliza hali ya goti. Nikamwambia limepona. Nilipanda ngazi zake mara mbili bila gongo ili aone.

Oktoba hii nilikuwa dirishani tena. Kitambaa chekundu kilivuka barabara mikononi mwa Maureen. Baada ya kitambo kidogo mlango wangu uligongwa. Alikuwa Lata, amebeba chungu cha pilipili kwa mikono miwili, akanikabidhi kwa upole.

"Huu, Mama Asad," akasema, "utie maji yoyote unayopenda."