Fataki za Mzee Basílio

Baba yangu, mzee Basílio, hana dogo. Walipoirefusha njia ya kurukia ndege ya hapa kisiwani Madeira ikapita juu ya bahari, yeye alikuwa fundi zege kwenye nguzo zinazoibeba, na tangu hapo nguzo zile ni zake. Ukija kwetu Gaula atakuvuta barazani kabla hujakaa, akuoneshe. Dada yangu Lígia alipokuwa rubani, mzee akapata wazimu wa pili: lazima mwanawe atue juu ya zege lake. Ila pale petu hapaguswi na rubani yeyote hivi hivi. Mpaka afunzwe huo upepo wetu wa ubavuni, apewe ruhusa. Lígia kaipata mwezi uliopita.

Jumamosi ndiyo ilikuwa zamu yake ya kwanza kuja kama rubani mkuu. Baba akaalika mtaa mzima. Nyama ikatungwa vijitini, pombe ya miwa ikakorogwa kwa limau na asali, na fataki, zile tunazorusha siku ya mtakatifu wetu, akazipanga ukutani.

"Baba, si usubiri atue kwanza?" nikamwambia.

"Wewe Adelino una kisirani tangu tumboni."

Kisirani gani? Upepo niliuona tangu asubuhi, unashuka milimani na kuchanachana majani ya migomba yetu. Nikawa nakaa, nasimama, naenda ukutani, narudi. Mama akaniambia nitulie, namtia kizunguzungu. Ningetuliaje?

Ikatangulia ndege ya shirika la kigeni. Ilikuja upande upande, pua imeelekea mlimani, na ilipofika chini ikanyooka, ikagusa gurudumu moja, kisha la pili. Watu wakapiga makofi. Nyuma yake ndiye Lígia.

Akapinda juu ya paa letu, bawa likazama, likainuka. Alipolikaribia zege upepo ukamsukuma kando. Injini zikanguruma, akapaa tena bila kugusa chini.

Firmino, jirani yetu mwenye mdomo, akasema, "Mzee, binti yako kaja kutua au kuchungulia tumechoma nini?"

Wakacheka. Baba hakucheka.

Mara ya pili alishuka zaidi, hata nikaanza kutabasamu. Tua dada, nikasema kimoyomoyo, tua usituaibishe. Akapaa tena, na safari hii akashika njia ya Porto Santo, kisiwa cha jirani. Tukamtazama mpaka akapotea.

"Mgeni lakini kaweza," Firmino akasema.

"Mgeni kakutana na upepo wake," mama akamjibu. "Lígia naye kakutana na wake. Kula nyama."

Nilitaka kumvaa yule mtu, haki ya Mungu. Baba amesimama na kiberiti mkononi, na mimi roho inaniuma kwa ajili yake. Uwanja ukafungwa, hakuna ndege tena. Wageni wakaanza kutafuta kofia zao.

Ndipo simu ya baba ikalia. Akaiweka sauti kubwa, maana masikio yake yaliharibiwa na mashine za zege.

"Baba, nimetua Porto Santo. Nisamehe, kwako imenishinda."

"Abiria wanatembea wote?"

"Wanatembea. Nusu yao wameninunia."

"Waache wanune. Anayenuna ni mzima."

Akampa mama simu, akaenda ukutani kwenye fataki zake.

"Baba," nikasema, "si hajatua hapa?"

"Kwani zege langu linakwenda wapi? Sogea."

Akawasha ya kwanza. Upepo ukaibeba kando, lakini ililia, mlima ukaitikia. Akawasha ya pili. Firmino akavua kofia, akarudi kukaa.

Kwenye simu Lígia akauliza, "Mama, nini hicho kinalia?"

"Baba yako huyo," mama akasema. "Anakupokea."